Nina hela ya sarafu moja tu: riale ya Maria Theresa au rupia ya Mjerumani ya 1892?

Mwambao_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaokusanya sarafu za kale, hasa zile zilizopita mikononi mwa watu wa pwani yetu.

Mkusanyiko wangu ni mdogo. Nina pesa za shaba za Sayyid Barghash zile zenye mizani, heller za Mjerumani, na shilingi za simba za enzi ya Mwingereza. Kinachokosekana ni sarafu ya fedha ya kweli. Shilingi za simba zilianza 1921 zikiwa na fedha robo tu, na ukiishika unaijua: imepauka, haina ule weupe wenyewe.

Sasa yuko sonara mmoja Mji Mkongwe, Unguja, tunafahamiana, ameniwekea sarafu mbili. Bei zake zimekaribiana sana na uwezo wangu kwa sasa ni wa moja.

Ya kwanza ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ya 1780. Ni pana, karibu milimita 40, inajaza kiganja. Mbele yupo mama mwenyewe kajifunika shela ya ujane, bruchi begani, na chini ya bega herufi S.F. Nyuma kuna tai wa vichwa viwili, na baada ya mwaka kuna msalaba wa mshazari. Ukingoni kuna maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Hii aliyonayo iko safi, michoro yote imesimama.

Ya pili ni rupia ya 1892. Kaizari Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, pembeni limeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili simba amesimama mbele ya mti wa jamii ya mnazi, na jina refu la kampuni iliyoitoa, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Imetumika hasa. Bawa la tai juu ya kofia limelainika, shavu la Kaizari limelala, manyoya ya shingo ya simba hayahesabiki tena. Lakini maandishi yote yanasomeka na haijatobolewa.

Moyo unaniambia riale, kwa sababu ndiyo iliyonunua pembe na karafuu hapa pwani. Kichwa kinaniambia rupia. Nisaidieni.

Kibindo

Chukua riale mkuu, usijiulize mara mbili. Riale ni gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1000, kwa hiyo ndani mna fedha halisi gramu 23.39. Rupia ni gramu 11.66 kwa sehemu 917, unapata gramu 10.69. Kwa bei moja unapewa fedha zaidi ya mara mbili. Ikitokea shida siku moja, sonara atakupimia uzito, hatakuuliza historia.

Mwambao_Tanga

Nimekusoma Kibindo, hesabu yako haina kasoro. Ila ningetaka akiba ya fedha ningenunua kipande kwa sonara, kingeniwia rahisi zaidi kuliko vyote viwili. Mimi natafuta sarafu ya kukaa kwenye mkusanyiko wa pwani. Swali langu ni ipi inayosema zaidi kuhusu huku.

Mhunzi_wa_Fedha

Wakuu salaam. Kabla ya habari ya gramu, kuna jambo kubwa halijaguswa. Ule mwaka 1780 kwenye riale hauwaambii sarafu ilipigwa lini.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Baada ya hapo sarafu yenye sura yake ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Uhabeshi walishaizoea na hawakutaka nyingine. Austria yenyewe iliacha kuitambua kama fedha halali mwaka 1858, lakini haikuacha kuipiga, na Vienna wanaipiga hadi leo. Zile S.F. ni herufi za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, na zimeendelea kuchongwa kwenye sarafu miaka mingi baada ya wenyewe kuoza kaburini.

Halafu ikaja vurugu ya 1935. Mussolini alikuwa anajiandaa kuivamia Uhabeshi na alijua kule bila riale hupati hata mnyama wa kubeba mizigo. Akapata mihuri ya kupigia sarafu kutoka Austria, Roma ikaanza kupiga. Waingereza nao walihitaji riale kwa biashara ya Aden na kwingineko, wakaanza kupiga zao London mwaka 1936. Paris na Brussels nao wakaingia, Bombay wakati wa vita, baadaye Birmingham. Zote 1780, zote Maria Theresa, zote S.F.

Kwa hiyo swali kwa mwanzisha uzi: hiyo riale ya sonara wako ni ya lini? Kama ni safi namna unavyoieleza, michoro yote imesimama, mimi nina shaka kubwa kwamba haijawahi kuona karafuu wala pembe. Inawezekana sana ni ya baada ya 1961, Vienna waliporudi kuipiga peke yao. Ni fedha halali, si feki, lakini si ile unayoiota.

Kuzitofautisha inawezekana, ila inataka subira na kioo cha kukuzia. Unatazama umbo la bruchi na lulu zake, manyoya ya mkia wa tai, nafasi kati ya herufi, na urembo uliowekwa kati ya maneno ya ukingoni. Usinunue riale ya "zamani" kwa bei ya zamani mpaka umeyatazama hayo.

Mwambao_Tanga

Mhunzi, ahsante sana. Sonara hakunidanganya, alisema tu "hii ni 1780" na kweli ndiyo iliyoandikwa. Nimetazama picha nilizopiga: uwanja wa sarafu unang'aa kama kioo na bruchi ni kali mno. Hakuna hata mkwaruzo wa mfukoni.

Mhunzi_wa_Fedha

Basi hiyo ni ya kisasa. Weka roho chini.

Bint_Nizwa

Assalaam alaykum jamaa zangu. Naandika kutoka Oman, wazee wangu walizaliwa Unguja. Naona riale inaanza kuonewa, naomba nimsemee huyu bibi.

Huku riale si kitu cha makumbusho pekee. Ilikuwa hela ya sokoni mpaka kizazi cha wazazi wetu. Riyali ya Oman yenyewe imekuja 1970. Kabla ya hapo bara huko Nizwa mtu anauza mbuzi na tende zake kwa riale za fedha. Na vyombo vya mapambo vya zamani, mikufu, bangili, mitali, hata mapambo ya majambia, fedha yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye riale zilizoyeyushwa. Nyingine hawakuziyeyusha, wakaziunga kikonyo na kuzitia kwenye mkufu zilivyo, bibi katikati, marijani huku na huku.

Riale ya namna hiyo ukiigeuza nyuma unaiona: tai amelainika upande mmoja tu, ule uliokuwa ukisugua nguo, na mahali pa kikonyo pana alama ya lehemu yenye rangi ya manjano kidogo. Wakusanyaji wa Ulaya wanaishusha thamani kwa ajili ya lehemu hiyo. Mimi naona lehemu ndiyo hati yake. Inakwambia ilivaliwa, na ilivaliwa upande wetu wa bahari. Kama ndugu yetu wa Tanga anataka riale ya pwani, aache hiyo inayong'aa na atafute iliyochakaa yenye alama ya sonara. Unguja na Mombasa zipo kwenye masanduku ya kina bibi.

Mwambao_Tanga

Waalaykum salaam dada yangu. Hili la lehemu sikuwahi kulifikiria hivyo, na limenigusa. Hakika sitanunua ile inayong'aa. Sasa swali limegeuka: nisubiri riale ya namna unayoieleza, au nichukue rupia iliyopo mbele yangu?

Mjukuu_wa_KAR

Naingilia kutoka Nakuru. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Abisinia (Uhabeshi) 1941 kupigana na Mtaliano. Alirudi na riale moja, iko nyumbani hadi leo, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na medali zake. Mzee alikuwa akituambia kule mwenye shamba hapokei noti ya mtu yeyote, anataka "mama" wa fedha, na akipewa anamtazama kwanza kabla hajakubali.

Mhunzi amesema Bombay walipiga wakati wa vita. Je, inawezekana yangu ikawa ya huko?

Mhunzi_wa_Fedha

Inawezekana kabisa. Bombay ilipiga 1940 na 1941, na jeshi la Waingereza lililoingia kumrudisha Haile Selassie lilibeba riale kwa masanduku ili kulipia chakula, wanyama na wapiganaji wa kule. Zipo vilevile za Roma walizoleta Waitaliano, kwa hiyo usihitimishe mpaka ulinganishe michoro. Piga picha pande zote mbili na ukingo, mchana, kivulini, bila kuwasha taa ya simu. Na tafadhali iandike habari ya babu na uiweke pamoja na sarafu. Riale peke yake ni moja kati ya mamilioni. Ikiwa na jina la babu, kikosi chake na mwaka, haipo nyingine.

Mzalendo_Kwanza

Mimi nina swali kabla ndugu hajaelekea kwenye rupia. Yule mwenye kofia ni mtu ambaye majeshi yake yalimnyonga Abushiri pale Pangani, na yakachoma vijiji vya kusini wakati wa Maji Maji. Kuna fahari gani kumweka ndani ya nyumba ya Mwafrika, tena kwa hela nyingi? Bora yule malkia wa Austria, hakutufanyia lolote.

Mwambao_Tanga

Ndugu Mzalendo, swali lako ni zito na nimelilalia. Nitakujibu ninavyoona mimi.

Tazama kwanza jina lililoko nyuma ya rupia. Si jina la nchi, ni jina la kampuni. Kampuni ile ilianza kwa mikataba ya Carl Peters, ikajaribu kutawala pwani ikashindwa, watu wa Pangani, Bagamoyo na Kilwa wakainuka 1888. Serikali ya Ujerumani ikaleta jeshi la Wissmann, na Januari 1891 ikachukua utawala wote. Kampuni ikanyang'anywa nchi lakini ikaachiwa haki ya kutoa sarafu. Kwa hiyo hii ya 1892 ilipigwa Berlin kwa jina la kampuni ambayo haikuwa tena na mamlaka hata ya kitongoji. Iliendelea hivyo hadi 1902. Sarafu za serikali yenyewe zilianza 1904, zikaandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, zikaachana na mfumo wa pesa 64 kwa rupia, zikaleta heller 100.

Sasa nani aliishika? Hapa Tanga ujenzi wa reli ulianza 1893, ikafika Korogwe 1902. Waliobeba mataruma na kuchimba tuta walilipwa kwa rupia. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilipoanza kukusanywa, vijijini ilikuwa rupia tatu kwa nyumba, na kadiri miaka ilivyokwenda walizidi kubana wakitaka taslimu. Mtu wa Usambara ambaye hakuwa na haja yoyote na Kaizari alilazimika kwenda shamba la mkonge au la kahawa kumtafuta kwenye sarafu hii, kisha akamrudisha bomani. Sura ya Kaizari iliyolala kwenye rupia ile haikulala bure. Ni vidole vya watu hao vilivyoifuta.

Ndiyo maana siitaki mpya. Ikiwa mpya ni sarafu ya Wilhelm. Ikiwa imechakaa hivi ni ya babu zetu waliolipa kodi, na mimi nataka ikae kwangu pamoja na maelezo hayo, wanangu waisome yote mawili.

Mzalendo_Kwanza

Nimekuelewa. Kwa maelezo hayo, inunue. Ila yaandike kweli.

Hesabu_za_Kale

Uzi mzuri sana huu. Ngoja niongeze upande wa biashara, maana riale na rupia hazikuwa tu mbili za kuchagua, zilishindana hapahapa na moja ikamtoa mwenzake.

Enzi za Sayyid Barghash riale ilihesabiwa pesa 136 na rupia ya Kihindi pesa 64. Gawanya: riale moja ni rupia mbili na thumni moja, yaani sehemu ya nane. Sasa rudi kwenye hesabu ya Kibindo, gramu 23.39 kwa 10.69, unapata rupia mbili na kidogo, karibu 2.19. Yaani watu wa Forodhani hawakukisia. Bei ya soko ilikaa jirani kabisa na fedha iliyomo ndani.

Na zote mbili zilikuwa mawe ya mizani. Riale moja ni wakia moja, na wakia 16 ni ratili. Rupia moja ni tola moja, gramu 11.66, na tola masonara wanaijua hadi leo. Mjerumani alipotoa rupia yake hakubuni uzito mpya, aliufuata uleule wa rupia ya Kihindi na usafi uleule wa 917, kwa sababu asingefanya hivyo Banyani na Bohora wa Bagamoyo wasingeigusa.

Kilichoiangusha riale ni mambo ya 1893. Bei ya fedha ulimwenguni ilikuwa inaporomoka. Riale thamani yake ilikuwa fedha yake tu, kwa hiyo ikaporomoka nayo. Rupia ya Kihindi ilikuwa inakwenda njia hiyohiyo, lakini mwaka 1893 serikali ya India ikafunga viwanda vyake vya sarafu kwa watu binafsi. Kabla ya hapo ulipeleka fedha yako ukapigiwa rupia. Baada ya hapo rupia zikawa adimu kuliko fedha yenyewe, zikapanda, na mwishoni mwa miaka ya 1890 zikasimama kwenye rupia 15 kwa pauni moja. Mfanyabiashara wa Unguja akiwa na sanduku la riale na sanduku la rupia aliona moja linapungua thamani na lingine limesimama. Nani angeng'ang'ania riale? Mjerumani naye baadaye akaipangia yake bei isiyobadilika, rupia 15 kwa mark 20.

Kwa hiyo rupia ya 1892 ni ya mwaka mmoja kabla ya mgeuko huo. Ilipigwa wakati rupia bado ni fedha iliyomo ndani yake tu. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wake, na nisingeibadilisha na ya 1910 hata ikiwa safi kama ilivyotoka kiwandani.

Kibindo

Sikujua haya ya 1893. Nabadilisha kura yangu, ila naomba kuuliza: vipi riale ya Barghash mwenyewe? Nasikia alipiga yake.

Hesabu_za_Kale

Alipiga, mwaka 1299 Hijria, ambao ni 1882, huko Ubelgiji. Ni sarafu nzuri mno, maandishi ya Kiarabu pande zote, hakuna sura ya mtu. Lakini zilikuwa chache, hazikuweza kuisukuma ya Maria Theresa, na leo bei yake ni ya minada ya Ulaya. Ukiletewa moja mkononi kwa bei ya kawaida, rudisha. Pesa za shaba za mizani za mwaka huohuo ndizo zetu sisi watu wa kawaida, na mwanzisha uzi anazo tayari.

Sumaku_na_Mizani

Wakuu mmeongea historia, mimi niongee usalama. Rupia feki zipo nyingi sasa, zinakuja zimechovywa fedha juu, ndani ni nikeli au chuma. Sumaku peke yake haitoshi. Inakamata chuma, lakini shaba na mchanganyiko wa shaba na nikeli inaviacha vipite. Fanya hivi hata dukani, sonara ana vifaa vyote.

Pima uzito. Rupia mpya ni 11.66. Iliyochakaa inapungua kidogo, na ikizidi hapo kuwa na wasiwasi zaidi kuliko ikipungua. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani ya kidijitali, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ining'inize ndani ya maji izame yote lakini isiguse chini wala pembeni. Namba itakayoonekana ndiyo ujazo wa sarafu. Uzito wa kwanza gawanya kwa namba hiyo. Fedha ya 917 inakupa karibu 10.3. Riale, yenye shaba zaidi, karibu 10.2. Shaba na nikeli itakupa 8.9 hivi. Kwa riale ya gramu 28.07 hiyo ni tofauti ya kusoma 2.75 au 3.15, huwezi kuikosa. Mizani iwe ya kusoma nukta mbili baada ya gramu, na utikise uzi kidogo kuondoa vipovu vya hewa, maana kipovu kimoja kinakuharibia hesabu yote.

Kisha ukingo. Riale lazima iwe na maneno yaliyoinuka, yenye urembo kati yake. Ikiwa ukingo ni mtupu au una mstari unaouzunguka katikati, hiyo ni bandia, huenda imemiminwa kwenye kalibu. Rupia ina mikunjo myembamba iliyosimama, isikatike mahali.

Mnyamwezi_Halisi

Niongezee hapo kwa vijana wanaosoma. Kila siku kuna matangazo ya rupia ya Mjerumani kwa mamilioni, mara ina zebaki, mara ina nguvu, mara kuna mzungu anaisubiri Dar. Huku Tabora tumeona watu wanauza ng'ombe kununua sarafu za hadithi hizo. Rupia ni fedha na shaba, hakuna kingine ndani. Ile ya bei kubwa kweli iliyotoka huku ni ya dhahabu, rupia 15 za 1916 zenye tembo, zilizopigwa Tabora wakati wa vita Mjerumani alipozingirwa, na hiyo haiuzwi stendi.

Na rupia mbili za fedha, zile kubwa za 1893 na 1894, zinatafutwa sana, kwa hiyo bandia zake zimejaa. Usinunue bila ule mtihani wa maji.

Jambo lingine, ukiokota sarafu kwenye magofu, iwe Kilwa au Kaole, usiifanye biashara. Wapelekee Idara ya Mambo ya Kale na uwaonyeshe mahali penyewe ulipoiokota. Ikishahamishwa bila kuandikwa, habari yake imepotea.

Bint_Nizwa

Nimesoma yote. Mwambao, mimi niliyekuja kumtetea bibi nakwambia chukua rupia. Hiyo riale inayong'aa haina la kukusimulia, na rupia yako imeshasimulia mengi hapa. Ya lehemu utaipata siku yake, usiiharakishe. Ukija upande huu nitakupeleka souk ya Mutrah na ya Nizwa, wapo wazee wanaozijua moja moja.

Mwambao_Tanga

Dada yangu shukrani, ahadi hiyo nimeishika.

Mrejesho wakuu. Nimevuka kwenda Unguja na nimenunua rupia. Sonara mwenyewe alifurahia ule mtihani wa maji, akaniazima mizani yake na uzi wa kushonea. Uzito umesoma 11.58, kwenye maji 1.12, nimegawanya nimepata 10.34. Mikunjo ya ukingoni imekamilika isipokuwa sehemu moja ndogo iliyogongwa, chini ya jina la kampuni. Mwanga wa ubavuni umenionyesha jambo sikuliona kwenye picha: nyuma ya simba kuna alama ndogo iliyogongwa kwa ncha, kama tundu ambalo halikutokea upande wa pili. Sonara anadhani mtu aliigonga kujaribu kama ndani ni shaba. Nimeipenda kwa alama hiyo.

Ile riale nimemwachia, na nimemwomba akipata yenye lehemu anipigie kabla hajaisafisha.

Swali la mwisho: niihifadhije? Hapa Tanga unyevu ni mwingi na ina weusi kwenye mashimo ya herufi.

Mhunzi_wa_Fedha

Hongera sana mkuu. Weusi uache ulivyo. Usitumie dawa ya meno, majivu, ndimu wala magadi, vyote vinakula uso wa fedha na sarafu iliyosuguliwa haiponi tena. Ukihisi ina mafuta, iloweshe kwenye maji safi, iguse kwa kitambaa laini bila kufuta, iache ikauke yenyewe.

Usiiweke kwenye mfuko wa plastiki laini ule unaonuka, unatoa ute wa kijani unaokwangua fedha. Tumia kasha gumu la plastiki au bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na ndani ya boksi tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe vikichoka. Ishike ukingoni siku zote. Maelezo uliyomwandikia Mzalendo yachape kwenye karatasi ndogo, ongeza uzito, tarehe ya kununua na ile alama ya ncha, uyaweke kasha moja nayo.